Kuku wa kienyeji, majivu, mchwa na tone moja la chanjo

Mwezi Septemba, miaka saba iliyopita, nilizika kuku 43 kwa siku tisa. Nilikuwa na kuku 47 katika ua wa nyumba yetu, pembezoni mwa mji wa Singida, na nilikuwa nikiwafuga kwa njia nilizozirithi kwa bibi yangu: pumba na mtama, majivu ya jikoni, shubiri mwitu katika maji ya kunywa, na pilipili kichaa kila nilipoona dalili ya mafua. Asubuhi ya kwanza nilimkuta mtetea mmoja amesimama kando ya wenzake, mabawa yameshuka, manyoya yamesimama, na kinyesi chake kilikuwa cha kijani kibichi. Nilimwongezea shubiri. Siku ya tatu wagonjwa walikuwa sita, na mmoja wao alikuwa amepinda shingo hadi kisogo kinagusa mgongo, akizunguka mahali pale pale kama aliyepoteza njia. Ulikuwa ni ugonjwa wa kideri, ambao wengine huuita mdondo, na shubiri niliyokuwa nikiipondaponda usiku na mchana haikumwinua hata mmoja.

Baada ya maafa hayo majirani wengi walinishauri niachane na kuku wa kienyeji, au angalau niachane na mambo ya asili na kufuga kisasa. Sikukubali wakati ule na sikubali sasa. Nilipokaa chini na kupitia kila hatua, niliona kwamba banda langu lilikuwa safi, kuku wangu walikuwa na afya, vifaranga wengi walikuwa wakikua, na yote hayo yalitokana na malezi ya asili. Kosa langu lilikuwa kuitwika asili mzigo usio wake. Kideri husababishwa na kirusi, hakina tiba, na kinga yake ya uhakika ni chanjo. Wiki moja na nusu kabla ya kifo cha kwanza nilikuwa nimenunua majogoo watatu mnadani na kuwaingiza bandani jioni ile ile, katikati ya kiangazi, msimu ambao ugonjwa huu huvuma zaidi katika mikoa yetu ya kati. Mlango niliufungua mwenyewe.

Leo nina mitetea 24 na majogoo watatu, mbali na vifaranga, na ninawafuga kwa njia zile zile za bibi pamoja na chanjo. Watu wengi huniuliza jinsi ninavyofanya, kwa hiyo nimeona niandike kwa urefu kidogo.

Bibi yangu, kule Iramba, aliishi katika tembe, yaani ile nyumba ya udongo yenye paa bapa la udongo, na kuku wake walilala ndani, juu ya fito zilizochomekwa ukutani karibu na dari. Hakuna mtu aliyemfundisha kwamba kuku hupenda kulala juu. Aliwaona tu wakiruka kutafuta sehemu za juu kila jua lilipozama. Kuku wetu wote asili yao ni kuku wa porini wa Asia ya Kusini-Mashariki, ambaye hulala mitini ili awe mbali na wanyama wanaotambaa chini, na tabia hiyo haijamtoka. Kwa hiyo katika banda langu jambo la kwanza nililolipa uzito ni fito za kulalia, zenye unene wa mpini wa jembe, zisizo na makali, zilizopangwa kwa kimo kimoja ili wasigombee ya juu zaidi. Kuku anayelala sakafuni hulalia kinyesi chake, hupata unyevunyevu kifuani, na ndiye wa kwanza kushikwa na mafua.

Banda lenyewe lina upana wa mita 2 na urefu wa mita 3, ukubwa unaowatosha kuku 30 hivi wa kienyeji ambao mchana wote wanashinda nje. Upande wake mrefu unaelekea kaskazini na kusini, ili jua la asubuhi na la alasiri lipige kwenye kuta fupi na banda lisigeuke tanuri. Ukuta ni tofali hadi usawa wa magoti, na juu yake ni wavu, kwa sababu hewa inayopita ndiyo dawa ya kwanza ya mafua na harufu. Sakafuni ninamwaga maranda kutoka kwa seremala, kina cha vidole vinne, na kila baada ya siku chache ninayageuza kwa reki. Yakikaa makavu hayanuki, na baada ya miezi minne au mitano yanakuwa mbolea inayokwenda moja kwa moja kwenye bustani ya mchicha. Yakilowa, hata sehemu ndogo tu karibu na chombo cha maji, ninayaondoa siku hiyo hiyo, kwa maana kuhara damu kwa vifaranga huanzia kwenye unyevu. Vimelea vyake hukomaa katika maranda yenye joto na majimaji, na kifaranga anayedonoa hapo huwameza.

Sasa nije kwenye majivu, ambayo watu huyadharau kwa sababu hayauzwi dukani. Kuku huoga vumbi. Mwangalie saa nne asubuhi, jua likianza kuwa kali: atatafuta udongo mkavu, atachimba shimo kwa miguu na kifua, atalala ubavu, na kwa mabawa atajirushia vumbi hadi liingie chini ya kila unyoya, kisha atasimama na kujikung'uta kwa nguvu hadi wingu la vumbi limfunike. Vumbi hilo huwasumbua chawa na utitiri na kuwaangusha. Ninachofanya mimi ni kumsaidia kazi aliyoianza mwenyewe. Chini ya mwembe nimechimba shimo la upana wa karai, nimelijaza mchanga laini uliochanganywa na majivu ya kuni, na juu yake nimeweka kipande cha bati ili mvua isiingie. Majivu lazima yawe ya kuni tu na yapoe kabisa. Majivu yenye mabaki ya plastiki iliyochomwa siyaweki.

Utitiri ni adui wa usiku, na ndiyo maana wafugaji wengi hawamjui hadi awe amekwisha kuharibu. Mchana hujificha kwenye nyufa za mbao na fito. Usiku hutoka kunyonya damu. Mara moja kwa wiki ninaingia bandani saa tatu usiku na tochi, ninapitisha kidole chini ya fito, na kidole kikitoka na alama ya damu ninajua kazi ipo. Kesho yake fito zote hutolewa nje, humwagiwa maji yanayochemka, huanikwa juani, na nyufa za ukutani huzibwa kwa udongo uliokandwa na majivu. Nyasi za viota huchomwa. Katika kila kiota kipya ninatanguliza majivu, kisha majani makavu ya mwarobaini, kisha nyasi laini. Tangu nianze utaratibu huo sijaona mtetea akisusa mayai kwa kuwashwa, jambo ambalo zamani lilinitokea mara kwa mara nikidhani kuku wangu hawajui kuatamia.

Viroboto wale wanaong'ang'ania kandokando ya macho na kwenye upanga hawatoki kwa vumbi. Nimeona watu wakiwapaka kuku mafuta ya taa, na ninasikitika kila ninapoona, kwa sababu mafuta ya taa huunguza ngozi na yakiingia jichoni humpa kuku mateso makubwa. Mafuta ya alizeti yanatosha. Hapa Singida hayakosekani nyumbani, na kiroboto aliyefunikwa na mafuta hukosa hewa na kuachia. Mafuta hayo hayo hutumika kwa miguu iliyoota magamba manene, ambayo nayo ni kazi ya wadudu wadogo waliojificha chini ya magamba: osha mguu kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, sugua taratibu, kausha, paka, na urudie kila baada ya siku tatu hadi magamba ya zamani yadondoke yenyewe.

Kuhusu chakula, kuku anayefunguliwa hujitafutia sehemu kubwa ya mahitaji yake: mbegu za magugu, panzi, majani machanga, wadudu wa kwenye samadi. Jioni ninampa pumba za mahindi, mtama au uwele, na mashudu ya alizeti. Mkoa wetu una viwanda vingi vidogo vya kukamua mafuta, hivyo mashudu yanapatikana kwa bei ya kawaida, nayo hujenga mwili. Majani ya mlonge ninayakausha kivulini na kuyapondaponda ndani ya pumba. Maganda ya mayai ya jikoni ninayakausha na kuyasaga hadi yasifanane tena na yai, maana kuku akishayatambua anaweza kujifunza kula mayai yake mwenyewe. Hapa nina neno moja la kusisitiza. Watu wengi wakiona mahindi yameota ukungu husema, "Basi haya tuwape kuku." Sumukuvu, yaani sumu inayotokana na ukungu, ambayo mwaka 2016 iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara, haimwachi kuku salama, na mabaki yake yanaweza kumfikia mlaji kupitia mayai na maini. Mahindi yenye ukungu mahali pake ni shimoni.

Chakula ninachokipenda kuliko vyote, hata hivyo, ni mchwa. Bibi yangu alikuwa na chungu kimoja kilichovunjika mdomo, na kazi yake ilikuwa hiyo tu. Jioni alikijaza mabua ya mtama yaliyokatwakatwa na kinyesi kikavu cha ng'ombe, akanyunyizia maji kidogo kiasi cha kulowesha bila kutiririka, kisha akakipindua juu ya njia ya mchwa aliyoichokonoa kwa jembe, akafunika kwa gunia na kuweka jiwe juu. Alfajiri, kabla jua halijachomoza, alikiinua na kukipeleka uani. Mimi ninatumia ndoo kuukuu badala ya chungu, lakini mengine yote sijabadilisha. Ukichelewa hadi jua lipande, mchwa wanakuwa wamekwisha kurudi ardhini na utainua mabua matupu. Ukiwahi, ndoo inakuwa imejaa mchwa weupe wanaotembea katikati ya mabua, na ukiimwaga chini utasikia sauti ambayo sijaisikia kwa chakula kingine chochote: midomo 20 ikidonoa ardhi kwa pamoja, haraka haraka, kama mvua ya kwanza juu ya bati. Vifaranga wanaokula mchwa mara tatu kwa wiki ninaona wanaota manyoya mapema zaidi. Mvua zikianza, Novemba au Desemba, kumbikumbi huja wenyewe usiku kwenye taa ya nje, nami ninaweka beseni la maji chini yake, nikiwakusanya kwa kuku na kwa sisi wenyewe.

Eneo ambalo njia ya asili inazishinda mashine zote, kwa ufugaji mdogo kama wangu, ni kuatamia na kulea. Mtetea wa kienyeji hutaga mayai kumi na kitu kwa mkupuo, kisha hukaa juu yake kwa siku 21, akiyageuza kwa mdomo mara nyingi kwa siku, akijua lini ayafunike na lini ayape hewa, bila kudai umeme. Umeme ukikatika usiku, mwenye mashine hukesha na jiko la mkaa; mimi ninalala. Lakini mtetea naye anahitaji msaada wa mfugaji anayefikiri.

Mayai ya kuatamiwa ninayachagua: yasiwe madogo mno wala makubwa kupita kiasi, yasiwe na ufa, yasiwe yameoshwa, na yasizidi siku kumi tangu kutagwa, ingawa ya siku saba kushuka chini ndiyo ninayoyaamini. Ninayahifadhi katika beseni lenye mchanga mkavu, ncha nyembamba ikiangalia chini, kwenye kona ya nyumba yenye ubaridi. Kila yai lina tarehe iliyoandikwa kwa penseli. Mtetea wa umbo la kati ninampa 12. Nilipowahi kufuga kuchi, wale kuku warefu wenye nguvu, nilijifunza kwamba uzito wao huvunja mayai, na kwamba hutaga machache, nikawaachia wanaowapenda.

Jambo lililobadilisha mavuno yangu ni kuwaatamisha mitetea kadhaa kwa pamoja. Mtetea wa kwanza akionyesha dalili, yaani akikaa kiotani kutwa, akivimbisha manyoya na kutoa ile sauti nzito ya "ko, ko, ko", simpi mayai mazuri siku hiyo. Ninamwachia mayai mawili ya viza ashikilie moyo. Akijiunga wa pili na wa tatu ndani ya wiki moja, usiku mmoja ninaondoa viza na kuwawekea wote mayai mapya kwa wakati mmoja. Usiku ni muhimu, kwa sababu gizani mtetea hana wasiwasi wa kilichopita chini yake. Siku ya 7 ninamulika: ninaviringisha karatasi gumu, ninaweka yai mwisho mmoja na taa ya simu mwisho mwingine, na ndani ya yai lililo hai ninaona doa jeusi lenye mishipa myekundu iliyotawanyika kama miguu ya buibui. Yai lisilo na kitu linang'aa kote. Hayo ninayatoa, na mayai yaliyobaki ninaweza kuyakusanya chini ya mitetea wawili, wa tatu akarudi kutaga.

Wakiangua, vifaranga wote wa siku moja wanaweza kulelewa na mama mmoja au wawili. Mama mmoja hodari huwafunika 20 vizuri wakati wa joto. Miezi ya Juni na Julai, upepo wa baridi unapovuma hapa kwetu, simpi zaidi ya 14. Mitetea walioachwa bila vifaranga ninawaweka siku nne katika kizimba chenye sakafu ya fito, penye hewa nyingi chini, wakiwa na maji na chakula, na hamu ya kuatamia huisha. Wapo wanaomtumbukiza kuku katika maji baridi ili aache kuatamia. Ni ukatili usio na sababu.

Wiki tatu za kwanza vifaranga wangu na mama yao hawazururi. Wanakaa chini ya tenga kubwa, lile la fito ambalo wafanyabiashara husafirishia kuku kwenda Dar es Salaam, na ninalihamisha kila siku ili wapate nyasi mpya na jua la asubuhi. Kabla sijaanza kutumia tenga, mwewe alikuwa akichukua kifaranga mmoja kila baada ya siku mbili, na wale aliowabakisha mwewe waliliwa na nguchiro. Wapo wanaowapaka vifaranga rangi ya zambarau ili kumchanganya mwewe. Mimi ninaamini fito zaidi. Maji yao yako katika kisahani chenye kokoto, ili kifaranga aweze kunywa bila kuzama, na chakula chao cha kwanza ni chenga za uwele zilizochanganywa na unga wa dagaa wasio na chumvi.

Niseme sasa juu ya dawa za mitishamba, kwa sababu najua wengi wamesubiri sehemu hii. Ninazitumia, na ninaziheshimu. Mbegu za papai zilizosagwa ninazichanganya na pumba, na kitunguu saumu kilichopondwa ninakiweka kwenye maji wakati hali ya hewa inapogeuka. Shubiri mwitu ninaikata vipande na kuiloweka usiku, nikiwapa siku mbili au tatu mfululizo wanapolegea au kuharisha kidogo, kisha ninapumzisha, na maji yaliyobaki ninayamwaga jioni kwa sababu yakilala yanachacha. Lakini nimejiwekea mpaka. Kuku wakikonda na minyoo kuonekana kwenye kinyesi, ninakwenda kwa ofisa mifugo kuchukua dawa ya minyoo yenye kipimo kinachojulikana. Ndui inayotoa vinundu kwenye upanga na kope baada ya mvua, msimu wa mbu, ina chanjo yake inayochomwa kwenye ngozi ya bawa, na vidonda vya aliyekwisha kuugua ninavisafisha kwa maji ya chumvi bila kuvibandua.

Ninachokikwepa kwa nguvu zote ni antibiotiki za kubahatisha. Mwaka ule wa kideri, muuzaji mmoja wa dawa za mifugo aliniuzia pakiti ya antibiotiki akaniahidi kwamba kuku watapona ndani ya siku tatu. Antibiotiki haiui kirusi, na mtu anayeuza dawa alipaswa kulijua hilo. Kuku waliendelea kufa, na ningekuwa na mayai sokoni, wateja wangu wangekula mabaki ya dawa ambayo hayakumsaidia yeyote. Vijidudu vinavyozoea dawa katika banda la kuku havibaki bandani.

Chanjo ya kideri ninayoitumia ni ile ya aina ya I-2, ambayo mbegu yake ilitayarishwa nchini Australia, katika Chuo Kikuu cha Queensland, kwa ajili ya kuku wa vijijini katika nchi za joto, na hapa nchini hutengenezwa na Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania. Ubora wake kwetu sisi ni kwamba inavumilia joto kuliko chanjo za zamani, hivyo inaweza kufika mahali ambapo hakuna jokofu, mradi ikingwe na jua. Nilifundishwa kukifunga kichupa katika kitambaa kilicholowa na kukibeba ndani ya kikapu kinachopitisha hewa, na maji yanayokauka kwenye kitambaa hukipoza, kama mtungi unavyopoza maji ya kunywa. Nilipolisikia hilo nilifurahi sana, maana lilikuwa jambo ambalo bibi yangu angelielewa bila maelezo.

Kichupa kimoja kina dozi nyingi kuliko kuku wa nyumba moja, na kikifunguliwa hakikai. Kwa sababu hiyo tumekubaliana kaya tisa za mtaa wetu kuchanja siku moja, kila baada ya miezi mitatu, tukihakikisha mzunguko mmoja unaangukia kabla kiangazi hakijakolea, kwa kuwa kinga huchukua wiki moja hadi mbili kujengeka mwilini. Tunaanza saa kumi na moja alfajiri, kabla mabanda hayajafunguliwa. Mmoja anamkamata kuku na kumlaza ubavu kifuani kwake, akifunika bawa kwa kiganja. Mwingine anasimamisha kichupa wima juu ya jicho bila kuligusa na kuachia tone moja. Kisha mnangoja. Kuku huduwaa kidogo, hupepesa, tone hutandaa juu ya mboni na kupotea, na hapo ndipo anaachiwa. Likidondoka nje, linarudiwa. Vifaranga, mitetea, majogoo, wote ni tone moja, jicho moja. Aliyekwisha kuugua chanjo haimponyi, kwa hiyo wagonjwa hatuwagusi, na anayetoka kwao tunamwosha mikono na viatu kabla hajaenda banda jingine.

Kuku mgeni, hata akiwa zawadi ya shangazi, anakaa peke yake wiki mbili kwenye kizimba cha upande wa pili wa nyumba, na anapewa chanjo huko huko. Wageni wengine huona kama ninawanyanyapaa kuku wao. Nawaonyesha pale nyuma ya mwembe nilipowazika wale 43, kwenye shimo refu nililolifunika kwa majivu na mawe, nao huelewa. Tangu tuanze utaratibu huu, kideri kimepita mitaa ya jirani mara mbili, na katika kaya zetu tisa hatukupoteza kuku kwa ugonjwa huo.

Katika wale wanne waliobaki hai mwaka ule, mmoja alikuwa mtetea wa kishingo, mwekundu, shingo wazi isiyo na manyoya. Sisemi kwamba kishingo hawaugui kideri. Wenzake wawili walikufa. Ninachojua ni kwamba wanalistahimili sana joto letu la Oktoba, na kwamba huyu alikuwa mama asiye na mfano. Mjukuu wake yuko kiotani wakati ninaandika haya, juu ya mayai 11; nilimwekea 12, na nilipoyamulika siku ya 7 lilitoka viza moja tu. Leo ni siku ya 20. Jioni hii nilipompelekea maji niliinamisha sikio karibu na kifua chake, naye hakunidonoa, na chini ya manyoya yake nilisikia kifaranga akilia ndani ya yai, sauti ndogo, mara mbili, na mama yake akamjibu. Tenga nimekwisha kuliosha na kulianika, na chenga za uwele ziko tayari kwenye kopo.